Nani Alikula Firigisi ya Mzee Makokha

Baba Nafula,

Mulembe. Ni mimi. Nimekaa hapa nje ya jikoni, mahali petu, na gunia la mahindi liko mbele yangu sijaligusa. Mama mchungaji alituambia sisi wajane kwenye kikundi kwamba mtu akijaa maneno aandike, amwandikie yule aliyeondoka kama vile angemwandikia akiwa safarini. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unatembea kama kuku aliyekanyaga gundi. Akasema hakuna mtu atasahihisha. Nikafikiri, ni kweli. Hata wewe hukuwa unaona tangu kabla hujaondoka, sasa nani atanicheka?

Huku Endebess tuko salama. Mvua ilichelewa halafu ikaja yote kwa pamoja, unajua vile huwa inafanya. Ile ng'ombe nyeusi ilizaa ndama jike, na Wekesa akasema tumuite jina lako, nikamwambia kijana wewe, baba yako ni wa kuitwa ng'ombe? Lakini nilicheka. Huyo Wekesa wetu amekonda kidogo. Namuuliza kama anakula, anasema anakula, lakini si unajua watoto wakiwa wakubwa wanakudanganya kwa upole. Nafula bado yuko Bungoma kwa ile ofisi yake. Ananipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimefunga mlango. Mimi ndiye nilikuwa namuuliza yeye hivyo. Sasa tumebadilishana.

Lakini hiyo yote ungeambiwa na mtu yeyote. Mimi nimeshika kalamu kwa sababu ya ile firigisi.

Wacha nianzie mbali, maana mambo yangu ukinianzisha katikati napotea.

Macho yako yalipoisha kwa ile presha ya macho, wewe uliyeendesha lori la mahindi kutoka hapa mpaka Suam ukijua kila shimo la barabara, ulinyamaza. Ulikaa kwa hicho kiti ukapukuchua mahindi kwa vidole, gunzi baada ya gunzi, na mimi nikawa naogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa upofu. Nilikuwa naongea peke yangu kama redio. Nakuambia kuku ametaga, unasema mm. Nakuambia jirani amejenga choo cha mawe, unasema mm.

Halafu Nafula akaja na ile simu. Akakuwekea hadithi za kusikiliza, za Kiingereza, vitabu vya zamani vya kuchekesha na mashairi ya mzaha. Akasema ni za bure. Mimi nikashtuka. Nikamuuliza, bure ya nani? Kesho si watakuja kutuuliza? Akanieleza pole pole. Wenye hivyo vitabu walikufa kitambo sana, mpaka sheria inasema sasa ni vya watu wote, na kuna watu huko duniani wanakaa nyumbani kwao wanasoma kwa sauti, wanarekodi, wanaweka kwa mtandao, mtu yeyote achukue. Hawalipwi. Wanapenda tu.

Sikuamini. Nilikaa karibu na hiyo simu siku ya kwanza kama mtu analinda nyoka.

Wewe ulisikiliza kidogo. Yule mzee wa kwenye simu alikuwa na sauti nzito, anasoma, anakohoa, anasoma. Nikasema huyu mtu anahitaji tangawizi. Na hapo, Baba Nafula, ndipo ulipocheka mara ya kwanza tangu macho yaishe. Sijui ulicheka hadithi au ulicheka tangawizi yangu. Ukasema, "Mama Nafula, mgeni amefika nyumbani kwako na hata hujamwekea chai."

Nikaleta kikombe. Kweli nilileta. Nikakiweka kando ya simu kikapoa pale, wewe ukakinywa baadaye ukisema mgeni amekataa, ni mtu wa adabu. Tangu hapo ikawa desturi. Ng'ombe wakishakamuliwa, vyombo vikishaoshwa, unasema, "Mgeni yuko?" Nami nabonyeza pale Wekesa alinionyesha, na Mgeni anaanza.

Unajua mimi Kiingereza sina. Nina good morning na nina thank you, na zote mbili nazitumia vibaya. Kwa hivyo ulikuwa unasikiliza kidogo, unaniambia, "Msimamishe kwanza," halafu unanieleza kwa lugha yetu. Vidole vyako vinaendelea na mahindi, mdomo unaendelea na hadithi. Ukasema majina ya kizungu yatanichosha, kwa hivyo utawapa majina ya kwetu. Nikakushukuru kwa hilo.

Ni wewe ulinipa yule mchungaji aliyekuwa anahubiri juu ya subira na baiskeli yake inaibiwa dirishani anaiona. Na yule mama aliyemnunulia mumewe koti la mitumba, kumbe ni koti lake mwenyewe lililoibwa kwenye kamba. Na yakifika mashairi, unapiga mdundo kwa gunzi juu ya goti, unasema haya hayahitaji akili, haya ni ya masikio tu. Hili bado naliimba nikikamua:

Kulikuwa na mama mmoja na bata wake,
akamfunga kengele asipotee kwake;
bata akaingia ibada, ikalia kengele yake,
mchungaji akasema Amina, akachukua kofia yake.

Nilikuuliza, huyo aliyetunga bado yuko? Ukasema, "Alikufa kabla babu yangu hajazaliwa, na bado anatusumbua mbavu." Nikawaza, huyo mtu yuko ardhini huko kwao, mifupa tu, na mimi huku Endebess nimemwaga mahindi kwa sababu yake. Nikamwombea. Na huyo anayekohoa pia nikamwombea. Mimi huombea watu wote, si unanijua.

Halafu ikaja hii ya Mzee Makokha.

Ulisema ni kitabu kipya, kirefu, tutakula nacho msimu mzima. Mzee Makokha alikuwa na boma kubwa huko upande wa Tongaren, na msichana wake wa mwisho, Nasimiyu, amepata mchumba. Wakwe wakaja kuongea mambo ya ng'ombe. Kuku akachinjwa, akapikwa, ugali ukasongwa ukapasuka vizuri. Mzee akanawa mikono. Akafunua bakuli. Firigisi haimo.

Ulinyamaza hapo mpaka nikakupiga na gunzi.

Kwa sababu sisi tunajua. Kuku wa kwetu bila firigisi ya mwenye boma huyo si kuku, ni matusi yenye mchuzi. Mama zetu hata kuku mwenyewe hawakuwa wanaonja, sembuse firigisi. Mzee Makokha akarudisha kifuniko pole pole. Akasema, "Hapa hakuna ng'ombe ataongelewa mpaka firigisi yangu ionekane." Na wakwe wakabaki wamekaa, hawawezi kula, hawawezi kuondoka.

Kila alasiri ukaniletea mtu mmoja anahojiwa. Kwanza mjomba wa bwana harusi, yule mwenye pengo, alikuwa anatafuna kitu. Akaambiwa afungue mdomo mbele ya wazee, ikapatikana ni tumbaku. Halafu dada ya Mzee, aliyekuwa jikoni, akaapa kwa jina la mama yake na akalia mpaka akavunja kigoda. Halafu bwana harusi mwenyewe, ambaye ati alikuwa amepita jikoni kuomba maji, na maji yalikuwa mezani. Halafu paka. Paka alipimwa kwa mizani ya kahawa, na wazee wakabishana kama huo ndio uzito wake wa kawaida, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amewahi kumpima paka.

Nilicheka mpaka Wekesa akaja mbio kutoka shambani akidhani kuna msiba.

Na mimi nikawa najiambia, kumbe hata wazungu wanapeana firigisi. Nikawaona ni watu kama sisi. Siku hiyo nilimwekea Mgeni chai yenye sukari zaidi.

Ukasema, "Hapo tuachie. Kesho tunajua ni nani." Halafu kesho ukasema Mgeni amechoka. Kesho kutwa ukasema bado kidogo, kuna shahidi mmoja. Nikakuambia wewe mzee unanichezea. Ukacheka tu. Na homa ikaanza. Tukakupeleka hospitali Kitale, na ule usiku wa kwanza na wa pili nilikaa kwa ile benchi nikiogopa kila mtu anayepita amevaa nyeupe. Asubuhi moja ulikuwa macho, umepoa, nikakuinamia nikakuuliza, "Baba Nafula, nani alikula?"

Ukatabasamu. Ukasema, "Tukirudi nyumbani nitakumalizia."

Hukurudi nyumbani. Ulienda kulazwa Tongaren, kwa baba yako, na mimi nikarudi hapa na koti lako na simu ndani ya mfuko.

Miezi mingi sikuigusa. Ilizima yenyewe. Nilidhani nitazoea. Lakini ikaja siku wazazi wa yule msichana wa Wekesa walipita kutusalimia, nikachinja jogoo, nikapika, na wakati wa kupakua nikajikuta nimesimama na firigisi kwenye mwiko. Tangu macho yako yaende nilikuwa nakuwekea mkononi, na wewe unaibonyeza kidogo unasema, "Ndiyo yenyewe." Sasa niiweke mkono gani? Nikamwita Wekesa jikoni, nikampa. Akaniangalia, akasema, "Mama, mimi sijafika hapo." Akatoka. Ile firigisi ilibaki kwenye kisahani mpaka ikakauka.

Usinicheke, lakini nilianza kuwaza kwamba nikijua nani aliyekula ile ya Mzee Makokha, nitatulia. Nilikuwa naamka na hilo. Nafanya kazi nalo. Mtu anamwombolezea mume wake na ndani ya maombolezo kuna kuku, ningemwambia nani? Nikajiambia, si kitabu kipo? Mgeni yuko ndani ya simu, hakufa yeye. Mwisho uko pale, ni kubonyeza tu na kupata mtu wa kunieleza.

Nikampigia Nafula. Akaja Jumamosi, na mkate na wasiwasi wake, huo aliurithi kwangu. Nikachaji simu. Nikaleta kikombe cha Mgeni. Nafula akaniuliza kikombe ni cha nani, nikamwambia usiulize maswali, sikiliza. Alama ilikuwa bado pale uliposimamisha. Nikamwambia aanzie mwanzo wa kitabu asije akaruka kitu.

Akaweka zile nyaya za masikio. Mimi nikapukuchua mahindi nikimwangalia uso. Akatabasamu. Baadaye akacheka kidogo, kwa pua. Nikangoja, nikangoja, nikashindwa. Nikamuuliza, "Wamefika kwa paka?"

"Paka gani, Mama?"

"Yule wa kupimwa."

Akatoa waya sikio moja. Akasema, "Hakuna paka humu. Ni mzee mmoja tajiri amepoteza mwavuli kwa shangazi yake."

Nikamwambia umebonyeza vibaya. Akaniambia ndicho hicho chenye alama. Nikamwambia tafuta basi, kuna kuku, kuna wakwe, kuna mzee Makokha, labda kwa kizungu anaitwa kitu kingine. Mtoto maskini akasikiliza. Akala mchana na waya masikioni. Akasikiliza mpaka mwisho wa kitabu, halafu akapitia vile vingine vyote tulivyokuwa tumesikiliza, kidogo hapa, kidogo pale. Namuuliza mchungaji wa baiskeli, anasema hapana. Namuuliza koti la mitumba, anasema hapana, Mama, mitumba itatoka wapi huko. Namwimbia bata na kengele. Akatikisa kichwa. Jua likawa limefika pale nyuma ya mlima, na Nafula akazima simu, akanishika mkono wenye vumbi la mahindi. Akasema, "Mama, Baba alikuwa anatunga."

Niliondoka pale nikaenda kwa ng'ombe.

Nitakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunijibu. Nilikasirika. Nilijiona mjinga. Misimu miwili nacheka vitu havipo. Nampikia mtu chai kwa hadithi ambazo hajasoma. Nawahurumia wazungu kwa firigisi yao. Na wewe unakaa pale na uso wa mtu wa kanisa, "Msimamishe kwanza, Mama Nafula." Nikashika mgongo wa ile nyeusi nikalia kwa hasira, na ng'ombe akageuka kuniangalia kama anataka kujua iwapo ni makosa yake.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa kudanganywa. Ni kwamba nilikuwa nimetegemea. Nilidhani kuna mahali, bure, mtu yeyote achukue, ule mwisho umewekwa salama. Kumbe haukuwa umewekwa mahali popote ila kwako, na wewe tumekufunika na udongo.

Nafula akanifuata. Akasimama upande wa pili wa ng'ombe. Akasema kile Kiingereza ni cha zamani sana, hata yeye na ofisi yake kuna mahali anapita tu. Akasema, "Baba Kiingereza chake kilikuwa cha vibao vya barabara na risiti za mahindi. Sijui kama alishika hata nusu." Halafu akasema, "Lakini Mama, kila siku alisikiliza."

Hilo likanirudisha. Kwa sababu nilikuona. Ulikuwa kweli unasikiliza, kichwa kimeinama upande ule. Ulikuwa unachukua kutoka kwa Mgeni ule mwendo, vile anapanda na kushuka, mahali anaposita kabla ya kuchekesha, na ndani yake unamwaga watu wetu. Nikaanza kukumbuka mambo ambayo mtu mwenye akili angeyashuku mapema. Wazungu wote wa hadithi zako walikuwa na shida ya funza kwa mahindi. Mmoja alipitia Kimilili kununua kamba. Mmoja alikosana na shemeji yake juu ya mpaka wa shamba, na huyo shemeji alikuwa anatembea kama shemeji Simiyu kabisa. Na mimi sikuuliza hata siku moja. Nikaanza kucheka. Nafula naye akaanza. Tulisimama pale, ng'ombe katikati, tunacheka na machozi yanatoka, na Wekesa akaja mbio tena. Huyo kijana kila tukicheka anadhani kuna mtu amekufa. Labda ndiyo maana amekonda.

Sasa nikuambie ya Tongaren.

Mwaka ulipozunguka tulifanya ibada ya kumbukumbu yako kwa baba yako. Shemeji Simiyu ndiye alipanga. Unamjua ndugu yako, yeye hata akifurahi anakunja uso asije akaombwa kitu. Akatuambia mapema watu wasilete mzaha, hii si harusi, kila mtu ataongea kidogo na kwa heshima. Mimi niliandika maneno yangu ya asante kwa karatasi, nikayakariri njia yote nisije nikaaibisha watoto.

Nikasimama. Watu wamejaa, wale wa ukoo, wa kanisa, majirani, wale ulioendesha nao lori. Nikaangalia karatasi, na ile asante ikakauka mdomoni. Nikasikia nimesema, "Mnajua alikufa na hadithi haijaisha."

Shemeji akakohoa. Nikaendelea. Niliwaambia ya Mgeni na kikombe. Niliwaambia ya Nafula na mwavuli, na wale wa lori wakaanza kupigana mabega. Halafu nikawapa yote, Baba Nafula, kuanzia mikono kunawa mpaka paka kwa mizani. Nilisimama mahali ulipokuwa unasimama. Nilinyamaza mahali ulipokuwa unanyamaza. Sikujua kama naweza. Mimi huwa siongei mbele ya watu, wewe unajua. Lakini nilikuwa najua mwendo.

Nikamaliza hivi: "Na hapo ndipo aliniacha. Sasa nyinyi watu wake, niambieni, nani alikula?"

Nikaona nimekosea, nimeharibu ibada ya mume wangu. Nikatafuta kiti kwa macho. Halafu kutoka mbele, na uso umekunjwa vile vile, shemeji Simiyu akasema, "Ni huyo mjomba. Tumbaku ilikuwa ya kufunika harufu."

Mama yangu. Ilikuwa kama umepiga mzinga wa nyuki. Wazee wakasema ni bwana harusi, mtu haombi maji jikoni na maji yako mezani. Akina mama wakasema waacheni vijana, ni yule dada ya Mzee, mtu halii hivyo bila sababu. Mmoja wa wale wa lori akasimama kumtetea paka. Mchungaji mwenyewe akasema yeye hahukumu, lakini angependa kujua Nasimiyu alikuwa wapi wakati huo wote. Shemeji akamwambia, "Usimguse msichana, huyo hana makosa," kwa ukali, kama ni mtoto wake. Nikaona mabega yake yanatikisika. Akatoa leso. Nadhani alikuwa anacheka, halafu nadhani hakuwa anacheka tena, na nikaangalia kando.

Mimi sikusema wangu. Lakini nina wangu, na huyu nakuambia wewe peke yako.

Nafikiri ni Mzee Makokha mwenyewe. Nafikiri aliingia jikoni kabla, dada yake akiwa ameenda kuteka maji, akaitoa kwa sufuria ikiwa moto, akaila amesimama. Kwa sababu alijua wakishakula, wataongea ng'ombe. Wakishaongea ng'ombe, wataondoka na Nasimiyu wake, na boma litakuwa kimya. Hakuweza kusema mbele ya watu kwamba hataki waondoke. Kwa hivyo akaficha kitu kimoja kidogo, ili wote wabaki wamekaa.

Na wewe je, ulipokuwa unasema kuna shahidi mmoja bado? Ulikuwa unajua mwili wako. Mimi nilidhani unanichezea.

Basi. Sitaliongea zaidi hilo, karatasi inalowa.

Baada ya ibada wakaleta chakula. Wakwe, wazee, wote wakakaa. Kwa meza ya wazee wakaweka kuku wa heshima mbele ya shemeji Simiyu, maana sasa yeye ndiye mkubwa wa boma. Akanawa mikono. Akafunua bakuli. Akaangalia. Akachukua kijiko akageuza vipande pole pole, mguu, bawa, kidari, akageuza tena.

Akarudisha kifuniko.

Baba Nafula, ungesikia kile kicheko. Ungekisikia hata bila macho, ungekisikia hata huko chini ulipo mita chache tu nyuma ya nyumba, na kama Mungu ni mwema ulikisikia. Watu walishika miti. Wekesa hakukimbia popote, alikaa pale pale akacheka kama mtu aliyekula ameshiba. Walihoji kila mtu. Walimfungua mdomo yule wa lori. Walimtafuta paka wa shemeji wakamkosa, na hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi. Mpaka tunaondoka, hakuna aliyejua.

Mimi najua.

Nafula sasa anataka niziseme hadithi zako zote kwa simu, arekodi, aziweke huko kwa mtandao na zile nyingine. Nikamuuliza, nani atasikiliza mama wa darasa la nne akiongea juu ya bata? Akasema, mama mwingine mahali, anapukuchua mahindi. Nimemkubalia. Nakuahidi nitazisema zote, kwa lugha yetu, na mtu yeyote achukue bure, na nikikohoa wataniombea tangawizi. Mchungaji na baiskeli nitamsema, koti nitalisema. Lakini ile ya firigisi nitaiachia pale pale ulipoiachia, asubuhi ile hospitalini. Huo mwisho si wa watu wote.

Mgeni bado anakuja. Namwekea chai. Simwelewi, lakini nasikia mahali anaposita, na nacheka hapo.

Pumzika sasa. Usiwe na wasiwasi juu yetu, huo niachie mimi, mimi ndiye fundi wake. Na ukitaka kujua ni nani alikula ile ya Tongaren, ngoja. Siku nitakapokuja, nikipata pa kukaa karibu nawe, nitakumalizia.

Ila nikuambie tu, ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi wako,
Mama Nafula